Kipoza Oili cha Safari ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku tano. Jumamosi saa mbili asubuhi binti yangu anahamia kituo chake cha kwanza cha kazi, maabara ya maji, mji ule ulio ng'ambo ya vilima. Kilomita mia na themanini. Katikati kuna mwinuko wa kilomita tisa ambao gari langu halijawahi kuumaliza.

Nilimwahidi akiwa darasa la kwanza. Siku utakayoanza kazi, nitakupeleka mwenyewe, kwenye gari jekundu, mimi na wewe tu. Leo mezani amesema, kwa upole kabisa, kwamba pengine ni salama zaidi baba mdogo ampeleke. Kwa upole! Heri angenitukana.

Huyo baba mdogo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mkaguzi wa lifti. Hutembea na tochi mfukoni mchana kweupe. Gari lake ni la kijivu, milango minne, halina sauti, halina harufu. Halijawahi kuchemka hata siku moja, naye hulitaja jambo hilo kama vile watu wengine wanavyotaja shahada za watoto wao.

Nikasema nitampeleka mimi. Mke wangu, bila kuinua macho kwenye cherehani, akauliza kama ni mpaka kule au ni mpaka pale lilipozimika mwaka jana. Binti akacheka, kisha akaona haya. Akatoa sharti: ikifika Ijumaa jioni gari liwe limepanda kilima cha hospitali bila kuchemka, na baba mdogo awe ameliangalia na kuridhika, atapanda na mimi. Nimekubali. Nikaguliwe na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Lakini nimekubali.

Hawajui nina siri chini ya kitanda.

Jumanne, 4 Machi

Siri yenyewe ni kipoza oili. Kipya, kikubwa karibu mara mbili ya kile cha zamani, kimesafirishwa kwa meli miezi mitatu. Nikiwa peke yangu chumbani hukitoa kwenye sanduku na kukitazama.

Watu hawaielewi injini yangu. Haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na zinapozunguka zinachemka, na kinachozipoza kwa ndani ni oili. Maji peke yake hayatoshi. Sasa kile kipoza cha zamani kimeziba, kimebonyea, na nusu ya mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, yamelala. Oili inaingia ya moto, inatoka ya moto. Tatizo ni hilo tu! Miaka tisa nimechekwa kwa sababu ya sahani moja ya bati.

Nimelipeleka gari kwa fundi. Mjini hapa anayeijua injini ya rota ni mmoja tu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na watu wote wanamwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Nikamwomba aifanye kazi leo. Akasema kesho. Nikamweleza habari za Jumamosi. Akavua miwani, akaniambia yeye hufunga viungo vyote vinne vya mipira ya oili, huwasha injini mpaka ipate moto, huiacha ipoe kabisa, halafu hukaza upya. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu vivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo huchukua brashi na kupiga kistari cha njano kutoka kwenye nati mpaka kwenye shingo ya kipoza. Kistari kikiwepo, nati imekazwa na haijasogea. Kisipokuwepo, gari halitoki getini.

Nikapiga hesabu. Kuanza kesho, siku tatu, ni Ijumaa jioni sana. Akasema la, Ijumaa mchana ana mazishi ya jirani, kwa hiyo ni Jumatatu. Nikamwambia mimi ni mkuu wa masjala ya hospitali, nina miaka ishirini na miwili kazini, na faili likinifikia halilali siku tatu. Akasema faili halina presha ya oili.

Nimeondoka na gari langu. Nitafunga mwenyewe. Huyu mama anajiona sana.

Jumatano, 5 Machi

Kipoza hakiingii.

Mahali pake pamekaliwa na honi. Nimeihamisha honi. Nimeitia ndani, chini ya dashibodi, upande wa abiria, kwa sababu waya uliishia hapo. Bado hakiingii. Nimekata kipande cha plastiki nyuma ya bampa. Kimeingia, lakini kinaning'inia. Nimechukua vyuma viwili vya rafu ya vyombo jikoni, nimevikunja, vimeshika vizuri ajabu. Vyombo navyo nimevipanga upya sakafuni, kwa unadhifu. Mke wangu ameviona. Hajasema kitu. Kimya chake nakijua, kina kurasa nyingi.

Shida ya pili. Fundi Kesho alikuwa ameniambia kwamba shingo ya kipoza ni laini, na ukikaza kwa spana moja unaikata. Lazima spana moja ishike shingo na nyingine izungushe nati. Mimi ninayo moja ya saizi hiyo. Ya pili anayo mdogo wangu, na mdogo wangu hakuazimi spana bila kukuhoji kama polisi.

Nikampigia, nikamwambia bomba la jikoni linavuja. Uongo mdogo, wa kistaarabu. Akasema usiguse kitu, ninakuja mwenyewe. Ninakuja! Bomba lilikuwa zima kama jana. Nikakimbia jikoni nikalilegeza kidogo, livuje kwa heshima. Halikuvuja kwa heshima. Lilitoka lote mkononi. Maji yakapiga dari, yakashuka juu ya vyombo vilivyokuwa sakafuni.

Mdogo wangu amefika na mfuko wa vifaa, ametengeneza kwa dakika kumi, amepiga deki. Mke wangu amemshukuru mara tatu. Nimezihesabu. Akamwambia shemeji, nyumba hii bila wewe ingekuwa ziwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, suruali imelowa mpaka magotini, baba mwenye nyumba.

Spana nimeipata. Aliisahau kwenye sinki. Nimeifunika kwa kitambaa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nimeunganisha mipira yote miwili. Ncha mbili kwenye injini, ncha mbili kwenye kipoza. Viungo vinne. Vyote nimevizungusha kwa vidole kwanza, vikakaa.

Kisha nikawaza. Mdogo wangu atakuja na tochi. Anazijua alama za Fundi Kesho, maana hata kwenye lifti wanafanya hivyo hivyo. Atatafuta vistari vya njano. Bila vistari hataridhika, na asiporidhika yeye, binti yangu hapandi. Nikakumbuka kwamba binti ana kichupa cha rangi ya kucha, ya njano kali, aliipaka mara moja akaichoka. Nikaichukua kwenye droo yake.

Kazini kwetu kuna mbinu moja. Siku yenye mafaili mengi unagonga mihuri yote kwanza, mkono ukiwa bado mwepesi, halafu unasoma taratibu baadaye. Mambo huenda. Nikapiga vistari vinne kwa mpigo mmoja. Vimenyooka, vinang'aa. Fundi Kesho mwenyewe angeona wivu. Nikaviacha vikauke, ndipo nikashika spana mbili na kuanza kukaza. Viungo vya injini, vyote viwili, tayari. Cha juu cha kipoza, tayari, na kila kimoja nikakirudishia kistari chake pale kilipokatika. Nikalala chali kutafuta kile cha chini.

Nikasikia viatu. Mdogo wangu! Siku moja kabla ya miadi, eti alikuwa anapita. Nikaisukuma spana yake chini ya tairi. Akachutama, akawasha tochi, akamulika. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Alichukua muda mrefu. Halafu akasema, na ninaandika maneno yake kama alivyoyasema, kaka, kazi hii ni safi.

Miaka hamsini na moja. Sijawahi kusikia sentensi hiyo kutoka kinywani mwake. Nikamkaribisha ndani, nikamwandalia chai mwenyewe, nikamweleza habari za rota na pembe zake tatu, akasikiliza mpaka mwisho. Tukakaa mpaka jua likapungua.

Alipoondoka nikarudi kwenye gari, nikainama kutazama. Vistari vinne. Vyote vipo. Nikarudisha bampa, nikamimina oili, nikakusanya vifaa.

Nimewasha injini dakika tano. Tone moja limedondoka chini. Mabaki ya kipoza cha zamani, bila shaka.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa kumi alasiri binti yangu amepanda, amefunga mkanda. Amevaa viatu vya kazi, anavizoesha. Tukatoka. Gari lilikuwa linaimba! Sindano ya joto ilikuwa imetulia mahali ambapo sijawahi kuiona imetulia. Kwenye mzunguko wa soko baiskeli ikatukatiza, nikabonyeza honi, na honi ikalia ndani, miguuni pake. Nje hakuna aliyesikia kitu. Binti aliruka, akaziba masikio, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikacheka. Nikabonyeza tena, makusudi. Tulikuwa kama zamani.

Tukaanza kupanda kilima cha hospitali. Katikati ya kilima akaniambia baba, geji ya presha inashuka. Nikamwambia geji za magari ya zamani zina uongo mwingi. Akasema inashuka sana. Nikamwambia aangalie ya joto, ile ndiyo muhimu, aone ilivyotulia. Akasema imefika sifuri. Nikaanza kumweleza kwamba sifuri kwenye geji si lazima iwe sifuri kwenye injini. Hakuningoja nimalize. Akanyoosha mkono, akazima ufunguo.

Kimya. Tukarudi nyuma polepole mpaka tairi likagusa ukingo wa barabara. Nyuma yetu kulikuwa na mstari mweusi wa oili, kuanzia chini ya kilima, mpana, umenyooka.

Akashuka. Akalala barabarani, na gauni lake, akawasha taa ya simu. Nilisimama pembeni nikisema labda ni mpira umepasuka, mipira ya siku hizi haina maana. Nilimwona anaingiza mkono nyuma ya bampa. Akaizungusha nati ya chini kwa vidole viwili. Ikazunguka.

Akanusa kidole chake. Akaniuliza kama nilikaza. Nikamwambia alama ipo. Akasema alama anaiona, na rangi anaijua kwa sababu ni yake, yeye ameuliza kuhusu nati.

Nilitaka kusema ndiyo. Mpaka leo mchana ningeapa kwamba niliikaza! Niliona kistari kwa macho yangu, nikaamini. Ndipo hapo barabarani, oili ikiingia kwenye viatu vyangu, nikakumbuka nilivyokuwa nimelala chali, na tochi, na kazi hii ni safi. Nimejidanganya mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi ya kucha.

Sikumwambia. Nikasema pengine ililegea yenyewe kwa mtikisiko.

Akampigia baba mdogo. Amekuja na kamba, ametuvuta mpaka nyumbani. Hakuuliza kitu. Heri angeuliza. Njiani binti alikaa na mimi kwenye gari jekundu, macho mbele, mikono mapajani. Tulipofika getini akasema kesho ataenda na baba mdogo. Nikamwambia nimeelewa. Akaenda kuoga.

Jumamosi, 8 Machi

Ameondoka.

Saa moja na nusu mdogo wangu alikuwa ameshafika, gari limeoshwa. Wamepakia sanduku, godoro, ndoo, jiko dogo. Vyote vimeingia kwenye buti na nusu ya kiti cha nyuma. Mke wangu amemkumbatia binti mpaka nikafikiri hamwachi.

Kisha binti amenijia. Akasema baba, kiti cha mbele kipo wazi. Twende wote, utaona ninapoishi, mtarudi kesho na baba mdogo. Mdogo wangu tayari alikuwa ameshaondoa mfuko wa vifaa kwenye kiti hicho, anakipangusa kwa kitambaa. Akasema kaka, karibu.

Nikasema siwezi. Nikasema Fundi Kesho ananingoja. Wote watatu wanajua Fundi Kesho hafungui Jumamosi. Nilishindwa. Niketi kwenye gari lile la kijivu, nipandishwe mwinuko ule ule kama mzigo, na yeye ndiye ameshika usukani, anabadilisha gia, hachemki! Siwezi. Mtu ana mipaka yake.

Binti amenitazama. Akasema sawa baba. Akapanda mbele mwenyewe, akafunga mkanda. Wakaenda. Gari lile halina hata sauti ya kumwambia mtu kwamba sasa limefika kona, sasa limepotea. Lilikuwepo, halafu halikuwepo.

Mke wangu ameniambia mimi ni mpumbavu. Ameniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia chakula kipo tayari. Halafu ameniuliza spana ya shemeji iko wapi, ili airudishe.

Nimekaa kwenye gari langu uani mpaka adhuhuri. Nimeumia. Niandike hivyo hivyo, hakuna anayesoma humu. Nimeumia.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi Kesho amekuja kuliona gari nyumbani, maana nimekataa kuvutwa mbele ya watu mara ya pili. Amefungua, amechungulia, amezungusha injini kwa mkono, amesikiliza kama daktari. Amesema injini imepona. Sekunde chache zaidi bila oili na rota zingejisaga. Akauliza nani alizima ufunguo. Nikamwambia tulizima. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema nimpe hongera aliyezima.

Vistari vyangu amevifuta vyote vinne kwa kitambaa chenye petroli, bila neno. Hilo limeniuma kuliko matusi. Kimoja kilikuwa cha haki kabisa. Vitatu, kwa kweli! Vitatu vilikuwa vya haki.

Mdogo wangu amerudi jana, amepita leo kutoa taarifa. Mwinuko waliupanda vizuri. Chumba cha binti kina dirisha upande wa mto. Nikamwuliza walizungumza nini njiani, saa nne nzima. Akafikiri. Akasema hawakuzungumza sana, alikuwa anasikiliza taarifa za redioni, na binti alikuwa anatazama nje. Nikafurahi. Halafu nikajiuliza ninafurahia nini, nikaacha.

Jumatano, 12 Machi

Binti amepiga simu. Tumeongea dakika ishirini, ndefu kuliko zote za mwaka huu. Kazi ni nzuri. Mkuu wake ni mkali. Maji ya kule yana chuma kingi.

Kisha akaniambia jambo. Akasema gari halikuwa na maana kwake, jekundu wala la kijivu. Tangu darasa la kwanza yeye alikuwa anasubiri zile saa nne. Kulikuwa na mambo alitaka kuniuliza kabla ya kuanza maisha yake, na alikuwa ameyaandika kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mfukoni Jumamosi aliponiambia kiti kipo wazi. Mbele ya baba mdogo ningesikiliza hata kama nisingejibu, hilo lingemtosha. Njia nzima alikuwa ameishika mkononi.

Akaita baba, baba, akidhani simu imekatika.

Akaniomba kitu kimoja. Mwisho wa mwezi ana siku tatu za mapumziko. Nipande basi nimfuate, halafu turudi wote nyumbani, tukae kiti kimoja cha watu wawili, aniulize maswali yake. Basi, baba, tafadhali. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, nitakuja kwa basi. Sauti yake ikabadilika, akafurahi, nami nikalia kidogo baada ya kukata simu. Nimeyaelewa yote aliyosema. Sijawahi kuelewa jambo vizuri namna hii maishani mwangu.

Hebu fikiria uso wake nikitokea na gari jekundu!

Maana kosa sasa naliona waziwazi. Kipoza kilikuwa kimoja. Injini ina rota mbili, kipoza kimoja kitatosha vipi? Nimeagiza cha pili leo hii, kwa haraka, kinafika tarehe ishirini na sita. Kitakaa upande wa kushoto wa bampa. Fundi Kesho nimempigia, akasema vipoza viwili ni viungo vinane, siku sita. Siku sita! Tumeshindwana. Nitafunga mwenyewe.

Kwa usalama nitabeba oili ya akiba, madumu manne ya lita tano. Buti halitoshi, limejaa tairi la akiba na jeki. Nimeyajaribu kwenye kiti cha abiria. Yanaenea vizuri, mawili chini, mawili juu, na mkanda unafunga. Binti nitamwambia arudi kwa basi, nami nitakuwa nyuma yake njia nzima.